MALI YA MAITI NA GHARAMA ZA MAZISHI

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, mwenye kuhuisha na kufisha, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Amma baad. Mauti yaingiapo nyumbani, akili za watu hutoka. Mmoja analia, wa pili anatafuta sanda, na wa tatu amekwisha fungua kasha la marehemu kutazama mna fedha ngapi. Hapana aulizaye bei, wala hapana aandikaye kilichotoka. Kuuliza bei ya bafta na hali maiti amelazwa ndani, watu huona ni aibu. Na kuandika hisabu, watu huona ni ubakhili. Basi siku hupita, matanga huanuliwa, wageni hurudi makwao, na mjane hubaki edani na watoto wake. Alifunguapo lile kasha, halina kitu.

Na waliolimaliza si wezi waliovunja mlango usiku. Ni ami, na kaka, na rafiki wa marehemu, watu wa heshima zao, waliofanya yote kwa mapenzi na kwa kuona haya mbele za watu. Lakini mapenzi hayahalalishi mali ya mtu, wala haya haiondoi dhulma. Kwa hiyo yapasa kila mwanamume wa Kiislamu ajue, kabla hayajamfika nyumbani kwake, ni gharama gani itokayo katika mali ya maiti, na ni ipi isiyotoka humo hata shilingi moja.

MALI NI YA NANI

Pumzi ya mtu ikatikapo, mali yake haikai pasina mwenyewe. Papo hapo huwa imepata wenye haki, nao ni wa daraja nne, mmoja nyuma ya mwenziwe. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameyataja mambo haya mwanzo wa mlango wa mirathi katika Minhaji, kitabu walichokitegemea makadhi na wanavyuoni wa pwani hii kwa zama nyingi. Kwanza hutolewa gharama za kumtengeneza maiti na kumzika. Kisha hulipwa madeni yake. Kisha hutimizwa wasia wake, usipite thuluthi ya kilichobaki. Kisha ndipo warithi wagawanye, kila mmoja kwa fungu alilofaridhiwa. Ama kitu ambacho haki ya mtu mwingine imekwisha fungamana nacho, kama kilichowekwa rehani, haki hiyo hutangulia hata gharama za mazishi.

Na ajue Muislamu kwamba katika daraja hizi nne hamna daraja ya wageni, wala ya majirani, wala ya fakhari ya ukoo.

GHARAMA ZA MAZISHI NI ZIPI

Gharama zitokazo katika mali ya maiti ni zile zisizokuwa na budi, kwa kadiri ya hali ya mtu kama yeye, bila ya israfu wala ubakhili. Nazo ni sanda, na maji na sabuni ya kumwoshea, na pamba na karafumaiti, na ujira wa mwosha akitaka ujira, na ujira wa wachukuzi au wa gari ikiwa makaburini ni mbali, na ujira wa mchimba kaburi, na viunza vya kufunikia mwanandani. Hizo ndizo.

Ama sanda, ya mwanamume ni nguo tatu. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikafiniwa kwa nguo tatu nyeupe za pamba za Kiyemeni, hamna kanzu wala kilemba. Naye ndiye mbora wa viumbe. Basi ni nani katika watu wa leo ambaye cheo chake hakitoshwi na nguo zilizomtosha yeye? Na Sayyidna Abubakar alipokuwa katika maradhi ya kufa aliusia akafiniwe katika nguo yake iliyokwisha valiwa, akaeleza kwamba aliye hai ndiye mwenye haja zaidi ya nguo mpya kuliko maiti.

Na Musab bin Umeir, aliyekuwa kijana wa neema huko Makka, alipouawa kishahidi Uhud mwaka wa 3 wa Hijra, hakuacha ila nguo moja. Ikifunikwa kichwa, miguu hubaki wazi. Ikifunikwa miguu, kichwa hubaki wazi. Mtume akaamuru afunikwe kichwa, na miguuni awekewe majani ya idhkhiri. Wanavyuoni wametoa katika khabari hii hoja kwamba sanda hutoka katika mali ya maiti mwenyewe, kabla ya kila mwenye kudai.

Na ikiwa maiti hakuacha kitu, gharama zake ni juu ya yule aliyelazimika kumlisha alipokuwa hai, kama baba kwa mtoto wake mdogo. Asipokuwako, hutoka Baitulmali. Na isipokuwako Baitulmali, ni juu ya Waislamu wenye uwezo. Na liko jambo ambalo wanaume wengi hawalijui, au hulijua wakalinyamazia: mke akifa, gharama za mazishi yake ni juu ya mumewe kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafii, hata kama mke mwenyewe ni tajiri. Basi mume mwenye uwezo atoaye sanda ya mkewe katika mkufu alioacha mke, amejilipia deni lake kwa mali ya warithi.

BEI NA UJIRA

Kumwosha maiti, na kumkafini, na kumsalia, na kumzika ni faradhi ya kutosheleza. Wakiifanya baadhi ya watu, wengine wamesalimika. Na aifanyaye kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ana ujira mkubwa kwake. Lakini mwosha au mchimba kaburi akitaka ujira wa kazi yake, si haramu, kwani wanavyuoni wamehisabu ujira huo katika gharama za mazishi. Sharti yake ni kama sharti ya kila kazi ya kuajiriwa: ujira ujulikane kabla ya kazi. Ikifanywa kazi kwa kutaraji ujira na bei haikutajwa sawasawa, afanyaye hustahiki ujira wa mfano wake, yaani ule wapewao watu wa kazi ile katika mji ule, wala hana haki ya kutaja akitakacho baada ya kaburi kufukiwa.

Basi si aibu kumwuliza mwenye duka, “Bafta hii wari kwa bei gani?” wala si aibu kumwuliza mwenye gari, “Mpaka makaburini ni kiasi gani?” Aibu ni kununua kwa bei yoyote kisha kuwatwika mayatima. Anunuaye sanda hanunui kwa mali yake, anunua kwa mali ya watu. Na aliyeaminiwa mali ya watu humpasa kuangalia zaidi kuliko aangaliavyo mali yake.

Na mwuzaji naye amche Mwenyezi Mungu. Mtume alipita sokoni akaingiza mkono katika fungu la nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji ndani. Akamkemea mwenyewe kwa kuficha kilicho kibovu chini ya kilicho kizuri, na akamtoa mdanganyifu katika kundi la wafuasi wake. Ikiwa hivyo ndivyo katika nafaka, basi je, aliyepunja wari za sanda? Na yule aonaye macho ya mteja wake yamejaa machozi akapandisha bei, akijua kwamba hatarejea wala hatapeleka maiti duka la pili? Huyo ameuza faida yake ya Akhera kwa thamani ya kipande cha nguo. Na sheria ya nchi nayo haikulinyamazia jambo hili: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zilizo njema, na haki ya kupewa maelezo yampasayo kuyajua ili anufaike nazo. Mfiwa naye ni mnunuzi, wala msiba haukumwondolea haki hiyo.

MAITI SI REHANI

Daraja ya pili ni madeni, na jambo lake ni zito. Aliletwa maiti ili Mtume amsalie, akauliza kama ana deni. Akaambiwa kuwa ana deni la dinari mbili. Akawaambia masahaba wamsalie wao. Ndipo Abu Qatada akasema kwamba dinari zile ni juu yake, na Mtume akamsalia. Na imepokewa kwamba roho ya muumini hubaki imefungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Basi ni jambo la ajabu kuona jamaa wakichinja ng'ombe kwa ajili ya roho ya marehemu, na hali mwenye kumdai amekaa ukumbini hathubutu kusema. Lau walimlipa yule, wangalimfaa maiti kuliko mchuzi wote uliopikwa.

Na katika madeni hayo hayasahauliwi mahari ya mke yaliyobaki, wala zaka ambayo marehemu hakuitoa, wala hija iliyompasa asiende. Na gharama za matibabu ya maradhi aliyofia nazo ni deni. Lipo katika mali yake, au juu ya aliyejifunga kwa dhamana.

Lakini deni la matibabu halimfanyi maiti kuwa rehani. Rehani kwa sharia ni mali ifaayo kuuzwa, ili mwenye kudai ajilipe kwa thamani yake asipolipwa. Na mwili wa mwanadamu hauuzwi, wala haumilikiwi, wala haurithiwi. Basi hospitali imzuiayo maiti mpaka deni lilipwe yashika kitu isichoweza kukiuza, na yavunja haki ya maiti ya kuharakishwa kaburini. Mahakama Kuu ya Mombasa nayo ilitoa hukumu ya namna hii mwaka 1998, kwamba mwili wa maiti si mali, wala hauwezi kushikwa kwa ajili ya deni la hospitali. Wafiwa wajue hivyo, waseme kwa adabu, wala wasiikimbie haki ya mwenye kudai. Deni liandikwe, na lilipwe katika mali ya marehemu.

CHAKULA CHA MATANGA

Hapa ndipo penye maafa makubwa. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muuta mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliamuru watu wa nyumba ya Jaafar watengenezewe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Basi Sunna ni majirani kuwapikia wafiwa. Watu wameipindua Sunna, wafiwa sasa ndio wawapikiao majirani. Na sahaba Jarir bin Abdillah ameeleza kwamba wao walikuwa wakihisabu kukusanyika kwa wafiwa na kupikiwa chakula huko kuwa ni katika maombolezo yaliyokatazwa.

Wanavyuoni wamesemezana mengi juu ya kisomo cha hitima, na si hapa pa kuamua baina yao. Lakini liko jambo wasilokhitalifiana, asomaye hitima na asiyesoma: kupika chakula hicho kwa mali ya mtoto yatima ni haramu. Ibn Hajar na wengineo katika Mashafii wameeleza kwamba mwenye kufanya hivyo humlazimu kulipa. Na Mwenyezi Mungu amebainisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 10, kwamba wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wanaingiza moto matumboni mwao.

Na itazamwe hisabu, maana hisabu haina haya. Amekufa Fulani, ameacha mke, na mama, na mtoto mmoja mwanamume, na mmoja mwanamke, wote wawili wadogo. Ameacha mali ya shilingi 312,000. Gharama za mazishi ni shilingi 24,000, zimebaki 288,000. Madeni, pamoja na mahari ya mkewe, ni 120,000, zimebaki 168,000. Aliusia msikiti upewe 24,000, nazo hazikufika thuluthi, zimebaki 144,000. Mke apata thumuni, shilingi 18,000. Mama apata sudusi, shilingi 24,000. Zilizobaki ni 102,000, mwanamume apate mafungu mawili na mwanamke fungu moja, yaani 68,000 na 34,000.

Sasa ami yao asema, “Marehemu alikuwa mtu wa watu, hatuwezi kumwacha hivi hivi.” Atoa katika mali ile shilingi 72,000, anunua mchele na mbuzi na samli. Nusu ya urithi imekwenda. Katika hizo 72,000, za mke ni 9,000, za mama ni 12,000, na za wale watoto wawili ni 51,000. Basi kila sahani iliyoandikwa, zaidi ya thuluthi zake mbili ni nyama ya yatima. Aliyekuja kumsomea maiti na kumwombea msamaha amekula ada ya chuo ya mtoto wake.

Atasema mtu, “Lakini mama yao aliridhia.” Ridhaa ya mama yapita katika fungu lake mwenyewe, haipiti katika fungu la mtoto. Wala mtoto mwenyewe ridhaa yake haihisabiwi, maana hajabaleghe. Wala walii wake hana amri ya kutoa sadaka kwa mali ya mtoto, bali amri yake ni kuilinda. Wala mrithi aliye safarini halazimiki kwa waliyoyakubali waliopo. Mwenye kutaka kulisha watu, alishe kwa fedha ya mfuko wake, na mrithi mkubwa mwenye akili atoe katika fungu lake apendavyo. Mlango huo u wazi, na thawabu zake zatarajiwa. Uliofungwa ni mlango wa kujipatia sifa kwa mali ya mtu mwingine.

FEDHA ZA UBANI, NA HAKI YA MJANE

Fedha waletazo watu kwa mkono wa tanzia haziingii katika urithi. Hutazamwa kusudi la mtoaji. Aliyetoa kwa ajili ya sanda na kaburi, zitumike humo, na zikizidi aulizwe. Aliyetoa kwa ajili ya watoto, ni mali ya watoto, wala hazinunuliwi mchele. Kwa hiyo akae mtu mmoja mwaminifu na daftari, aandike jina la aliyetoa, na kiasi, na neno alilolisema, na mtu wa pili ashuhudie. Na jamaa akitoa fedha zake kwa gharama za mazishi na nia yake arudishiwe, awaambie warithi wakubwa papo hapo na ashuhudishe. Akinyamaza mpaka siku ya kugawanya, yahofiwa kuwa aliyoyatoa yatahisabiwa ihsani.

Ama mjane, eda yake ni miezi minne na siku kumi, na kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ana haki ya kukaa katika nyumba aliyofiwa humo mpaka eda imalizike. Ndugu za marehemu wamwambiao, “Tupe ufunguo, nyumba ni ya ndugu yetu,” na hali yeye yu edani, wamemdhulumu kabla hata mirathi haijahisabiwa.

SHERIA YA NCHI

Katika Kenya na Tanzania maiti hazikwi ila kwa kibali, na mauti huandikishwa kwa msajili. Aliyefia hospitali, hospitali hutoa khabari yake. Na aliyefia nyumbani, jamaa wapeleke khabari kwa wakuu wa mtaa. Jambo hili si dogo, kwani bila ya cheti cha kifo mjane hapati kufungua shauri la mirathi, wala kudai fedha zilizo benki.

Na katika Kenya, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, imewaachia Waislamu kugawanya mirathi kwa sharia yao, lakini mambo ya kuisimamia mali yapo katika sheria hiyo. Kifungu chake cha 45 chakataza mtu yeyote kuishika au kuiuza mali ya marehemu bila ya idhini ya sheria. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Na kifungu cha 83 chamwamuru msimamizi kutoa katika mali hiyo gharama za mazishi ya kiasi. Tazama maneno hayo, “ya kiasi”: wameyafika kwa njia yao yale ambayo mafakihi waliyasema tangu zamani.

Wakigombana warithi Waislamu, Mahakama ya Kadhi katika Kenya yana amri ya kuhukumu mirathi yao wakikubali kuhukumiwa nayo, kwa kifungu cha 170 cha Katiba. Katika Unguja na Pemba iko Mahakama ya Kadhi vilevile, na iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ishughulikayo na mirathi ya Waislamu. Basi aliyedhulumiwa asiseme hana pa kwenda, na aliyedhulumu asidhani kwamba hapana wa kumwuliza.

KHATIMA

Dawa ya haya yote ni kuyatengeneza mtu akiwa hai na mzima. Aandike madeni yake, na awadaiyo, mbele ya mashahidi wawili. Amchague wasii mwaminifu ajuaye hisabu. Aseme waziwazi mbele ya ndugu zake: “Nikifa, msile katika mali yangu, nizikeni kwa Sunna, lipeni madeni yangu, na kilichobaki wapeni wenyewe.” Neno hili halina gharama, na huenda likawa ndilo urithi bora atakaowaachia watoto wake. Saad bin Abi Waqqas alipotaka kuusia mali yake nyingi, Mtume alimkomesha katika thuluthi, akamwambia kwamba hata hiyo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi na kitu ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu.

Na aliyekwisha kula, toba yake ina sharti. Si kusema astaghfirullahi peke yake, bali ni kukirejesha kilichotoka, kwa mayatima wenyewe, leo, maadamu ulimi wake unatembea. Kesho Kiyama hapana shilingi wala dinari. Malipo ni mema ya mtu na maovu yake. Na yule mtoto aliyekuwa hajui hisabu siku ya matanga, siku hiyo atakuwa anaijua.

Ewe Mola, warehemu maiti wetu, uwalinde mayatima wetu, na ututoe duniani pasina haki ya mtu shingoni mwetu. Amin. Wallahu aalam.